Maganda ya Chotara

Kila kitu cha shaba katika nyumba ya Baba Ghanim kilipita mikononi mwangu. Masinia mawili ya ukutani, madele ya kahawa, chetezo, na njumu za sanduku la zamani lililotoka Unguja. Kwa hiyo Mama Hamdiya aliponiambia nisafishe shaba zote kabla ya Idi, sikuuliza ni zipi. Kuuliza kumenishinda tangu utotoni. Nilisafisha zote, na hapo ndipo nilipokosea.

Jina langu ni Cissy Nalwoga. Natoka Busia, upande wa Uganda, na Kiswahili nilikipata sokoni mpakani kabla sijakipata shuleni, maana shule niliiacha darasa la tano. Hapa Muscat nafanya kazi katika nyumba moja ya Al Amerat, ng'ambo ya milima. Mama Hamdiya huondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda wizarani Al Khuwair na hurudi alasiri. Mchana kutwa tunabaki wawili, mimi na baba yake, Baba Ghanim, mzee wa miaka sabini na mbili aliyetengeneza pampu za maji mpaka akastaafu. Jicho lake la kushoto lina ukungu. La kulia ni zima, na hilo ndilo analolengea shabaha.

Nyuma ya nyumba, karibu na banda la gari, kuna stoo. Kibali cha bunduki kimetundikwa ukutani ndani ya fremu, na chini yake kuna kabati la chuma ambalo ufunguo wake haumtoki Baba Ghanim shingoni. Mimi kazi yangu humo ilikuwa sakafu tu. Lakini juu ya meza kulikuwa na mashine ya chuma yenye mkono mrefu kama wa pampu ya kisima, na kando yake trei tatu za mayai. Badala ya mayai, kila tundu lilikuwa na kopo dogo la shaba, refu kuliko kidole changu cha kati, nene chini na jembamba juu. Nilikuwa nikipiga deki mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili nimwone akivuta ule mkono.

Siku moja, bila kugeuka, aliniambia, "Bi Kimya, sakafu hiyo ishatakata tangu juzi. Ingia uone vizuri."

Ndivyo nilivyoanza kujua. Yale makopo ni maganda ya risasi. Risasi ikishapigwa, kichwa huenda na ganda hubaki, na mtu mwenye ujuzi na kibali anaweza kulijaza tena. Ila ya Baba Ghanim hayauzwi popote. Bunduki yake ilichongwa mtutu na fundi rafiki yake, kwa vipimo walivyovibuni wao wenyewe, na hakuna kiwanda kinachotengeneza risasi ya vipimo hivyo. Inabidi uchukue ganda la bunduki kubwa, ambalo yeye huliita ganda mama, ulibane shingo mpaka lipokee kichwa cha bunduki ndogo. Tumbo la huyu, shingo ya yule. Risasi yenyewe aliiita chotara. Alisema ndiyo maana wanapatana, kwa sababu na yeye Unguja aliitwa Mwarabu, na alipofika Oman akaitwa Mzanzibari.

Ganda lina sehemu kama mtu: kitako, tumbo, bega, shingo na mdomo. Hulipaka mafuta mazito ya manyoya ya kondoo, halafu hulisukuma ndani ya kalibu kwa ile mashine. Kalibu ni tatu, kila moja nyembamba kidogo kuliko iliyotangulia, maana ukilibana kwa mara moja linakunjamana kama soksi. Mafuta yakipungua linakwama. Yakizidi hayana pa kwenda, yanalibonyeza bega na kuacha kishimo.

Nilitazama siku tatu kabla sijathubutu kusema neno. Kuna jambo lilikuwa likinisumbua hata nikiosha vyombo. Unga ukiubana mkononi, unatokea kati ya vidole. Sasa shaba ikibanwa mdomo, ile iliyozidi inakwenda wapi? Siku ya nne nikauliza. Baba Ghanim alicheka kwa furaha akapiga meza. Alinipa kipimo chake chenye meno mawili, akanipimisha ganda kabla na baada. Shingo ilikuwa imekuwa nene, na ganda zima limerefuka kiasi cha unene wa ukucha. Ndiyo maana, alisema, baada ya kubana lazima ulikate mdomo na kuikwangua shingo kwa ndani.

Akanionyesha na moto. Shaba ikibanwa sana inakuwa ngumu na hupasuka, kwa hiyo huyasimamisha maganda kwenye sinia lenye maji yanayofika tumboni, ili kitako kisilainike, kisha huichoma shingo mpaka ibadilike rangi na kulisukuma ganda liangukie majini. Nilimwambia kwetu fundi wa majembe huchoma chuma na kukitia majini ili kiwe kigumu. Akasema shaba ni kinyume, moto unailainisha. Nilibeba hilo kichwani siku nzima.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba hata hapo ganda halijakamilika. Bega lake bado limelala. Anayelimaliza ni bunduki yenyewe. Mara ya kwanza likipigwa, moto unalivimbisha ndani ya chumba cha bunduki, na linatoka limekaa sawasawa kama andazi lililojaza kikaango. Siku hiyo ya kwanza halilengi vizuri. Kuanzia ya pili ndipo linapokuwa la bunduki ile na si nyingine.

Baruti na fataki za kuiwashia sikuwahi kuzigusa, na sikutaka. Hizo alizitia mwenyewe, mlango umefungwa, redio imezimwa.

Siku mbili kabla ya Idi Kubwa, Baba Ghanim alikwenda Hamriya kumsalimu Bwana Aflah, rafiki yake mwenye duka la maturubai, ambaye hushindana naye kulenga shabaha kila mwaka Jumamosi ya pili baada ya Idi. Mama Hamdiya aliniachia kopo jipya la dawa ya shaba. Nilipofungua kifuniko ilinichoma pua, nikakifunga palepale. Bi Rahila, dada yake Baba Ghanim, aliwahi kunifundisha kwamba shaba ni ukwaju tu. Nikaroweka ukwaju kwenye ndoo.

Nilipomaliza masinia na madele nikakumbuka stoo. Maganda yalikuwa na masizi shingoni, na vitakoni yalikuwa na nukta nyeusi, mengine moja, mengine nyingi. Nikadhani ni uchafu wa baruti. Nikayatia yote arobaini na mawili katika ndoo moja, nikayasugua mpaka kila nukta ikatoka, nikayaanika kwenye taulo. Kisha nikayarudisha kwenye trei zake tatu, kumi na manne kila moja, kama nilivyoyakuta. Yaling'aa kama bangili za bibi harusi.

Baba Ghanim aliporudi alisimama mbele ya meza. Kwanza alicheka. Alisema hajapata kuona risasi zilizokogeshwa kwa ajili ya Idi. Kisha akachukua ganda moja, akaligeuza kitako na kulisogeza kwenye jicho la kulia.

"Nukta zishatoka," alisema. "Si neno, trei zinajua. Kila moja umelirudisha trei yake?"

Mimi nilikuwa sijui kwamba trei zina maana. Lakini mkubwa akikuuliza swali la namna hiyo, jibu huwa tayari mdomoni kabla kichwa hakijafika. Katika ofisi ya wakala wa kazi Kampala, kabla hatujapanda ndege, ndiyo somo tulilofundishwa kwa wiki mbili nzima.

"Ndiyo, Baba," nikasema.

Alasiri hiyo alichukua kalamu ya wino mzito akaandika nukta upya. Trei ya dirishani nukta moja, ya katikati tatu, ya ukutani sita.

Idi ikapita na wageni wake na nyama zake. Jumatatu iliyofuata aliniita nimshikie taa, na kwa kuwa nukta zilikuwa zimenikaa akilini, nilimuuliza ni za nini.

Alifungua mtoto wa meza akatoa ganda lililokatwa kwa msumeno kutoka mdomoni hadi kitakoni, kama unavyopasua ndizi. Akaniambia niangalie ndani, karibu na kitako. Kulikuwa na mstari mwembamba wa kivuli ukizunguka, kama alama ya pete kwenye kidole cha mtu aliyenenepa. Kila ganda likipigwa, alisema, linavutika hapo. Nukta moja ni mara moja. Likifika nukta sita yeye hulistaafisha, maana ipo siku litakatika vipande viwili ndani ya bunduki, na moto badala ya kwenda mbele utarudi kwa mwenye kulenga.

"Umemwona Aflah?" aliniuliza. "Umeona ana nyusi moja?"

Nilikuwa nimeiona. Nilidhani alizaliwa hivyo.

"Miwani ndiyo iliyomwokoa. Alimaliza mwaka mzima anajipaka wanja upande mmoja, wallahi, ili mkewe asimcheke."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nikitazama jicho lake la kulia, lile zima. Alikwisha kuniambia kwamba mafundi wengine hawategemei nukta tu, huingiza waya uliopindwa ncha na kupapasa ndani, na waya ukifika penye pete unakwaruza. Lakini yeye ana sukari, na ncha za vidole vyake zimekufa ganzi. Yeye alitegemea nukta. Na nukta zilikuwa za uwongo, na uwongo ulikuwa wangu. Jumamosi angepiga risasi kumi na tano za nukta moja na za nukta tatu, na baadhi yake zilikwisha kupigwa mara sita.

Nilijua pia maneno ya Mama Hamdiya. Alikwisha kumwambia baba yake mbele yangu kwamba siku bunduki ile itakapomkwaruza hata kidogo, ataipeleka polisi kwa mkono wake mwenyewe. Na mimi ningepelekwa uwanja wa ndege.

Nilifanya anavyofanya mtu mwoga. Nilijaribu kutengeneza kabla sijasema. Adhuhuri, alipolala, niliingia stoo nikachukua waya nikaupinda ncha. Vidole vyangu vimechagua mawe kwenye mchele tangu nina miaka minne, nikajiambia vitaiona pete tu. Nilipapasa ganda moja moja, nimefumba macho. Mengi yalikuwa laini. Mengine waya ulisita kidogo, kama ulimi unapogusa jino lililoanza kutoboka. Nikayatenga tisa. Nikarudia yote, safari hii yakawa kumi na moja. Nikarudia tena, yakawa tisa, lakini si tisa yaleyale.

Hapo nikaelewa kwamba siwezi kunyamaza.

Alitoka msikitini baada ya alasiri akanikuta nimekaa kwenye kigoda cha stoo, trei mapajani. Nilimwambia nikitazama sakafu. Kwamba niliyaosha yote ndoo moja. Kwamba trei sikujua zina maana. Kwamba nilisema ndiyo.

Nilisikia kiyoyozi kikidondosha maji nje. Aliposema, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia hata kidogo.

"Umeyaosha kwa nini? Dawa ya kopo au kitu gani?"

Nikasema ukwaju. Akaniamuru nilete lile kopo. Nilipoleta alikifungua kifuniko, akaona kopo limejaa pomoni, akakaa kitini kama mtu aliyetua mzigo. Alinieleza kwamba ile harufu inayochoma pua inaingia ndani ya shaba na kuila pasipoonekana, na ganda lililooshwa nayo hupasuka hata kama ni jipya kabisa. Nikamuuliza mbona masinia hayapasuki. Akanitazama kwa mshangao. Alisema masinia hayapigwi.

Kisha hasira ikaja. Hakupiga kelele. Alisema maganda yale ni kazi ya miaka mitatu, kwamba ningevunja vikombe vyote vya nyumba angecheka, kwamba kama ningesema sijui siku ileile, angekuwa na wiki mbili za kufikiri. "Nnakuuliza kitu, wanijibu ndiyo kama kasuku," alisema. "Kasuku hamwui mtu. We ungeniua."

Nilimwonyesha yale tisa na waya.

Aliyatazama, akauliza nimeyachaguaje, nikamweleza. Akachukua msumeno mwembamba, akalifunga moja kwenye jiliwa akalipasua. Pete ilikuwemo. Akapasua la pili. Ilikuwemo. Nilianza kupata matumaini, nikafikiri pengine nimeyaokoa yaliyobaki. Ndipo aliponyoosha mkono kwenye yale niliyoyapitisha, akatoa moja bila kuchagua, akalipasua. Tuliinama wote wawili chini ya taa. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha akaligeuza kidogo, nikauona mstari, mwembamba kama unywele.

"Mkono wako mzuri," alisema polepole. "Lakini jicho nnalo moja."

Akachukua trei zote tatu akazimimina kwenye mfuko wa mchele. Thelathini na tisa mazima na vipande vya yaliyopasuliwa, sauti yake ilikuwa kama sarafu nyingi.

Jioni Mama Hamdiya aliuona mfuko mlangoni akauliza kulikoni. Baba Ghanim alisema yamezeeka kama yeye. Mama Hamdiya akanitazama, nikatazama sahani. Nilifikiri juu ya hilo baadaye: alinigombeza kwa ndiyo yangu, na saa chache tu zilizofuata akanifunika kwa nusu ya ukweli wake.

Asubuhi ya Jumanne nilipiga deki bila kuinua macho. Baba Ghanim aliniambia niache ndoo. Alikuwa ametoa boksi la maganda mama ishirini, aliyokuwa ameyaweka akiba kwa miaka ijayo. Alisema bega lake la kulia linauma, na mkono wa mashine unataka mtu mwenye nguvu. Kisha akanipa sharti moja. Humo stoo, kabla ya kusema neno ndiyo, nimwombe ruhusa kwanza.

Tulifanya kazi siku tatu. Nilijifunza kusikia kalibu kwa mkono: ganda likienda vizuri linateleza kama kisu kwenye samli, likikwama linatetemeka kabla halijakwama, na ukiwahi kusimama hapo unaliokoa. La nne nililitia mafuta mengi likapata kishimo begani. La tisa nilivuta kwa haraka, shingo ikakunjamana. Kila mara aliniuliza limekuwaje, na kila mara nilisema ukweli kwa sauti ndogo: nimezidisha mafuta, nimeharakisha. Yakabaki kumi na manane. Yeye aliyakata, aliyachoma, na siku ya Ijumaa akajifungia peke yake na baruti yake.

Jumamosi Mama Hamdiya alituendesha mpaka kwenye uwanja wa shabaha, bondeni katikati ya vilima vikavu. Alinipa vizibo vya masikio akaniambia nikae nyuma ya ukuta pamoja naye. Bwana Aflah alikuja kutusalimu na nyusi yake moja. Aliposikia kwamba Ghanim anapiga maganda mapya ambayo hayajapata moto, alifurahi bila kuficha.

"Yakhe, shindano lako ni leo, na risasi zako zimekuja kujifunza?"

"Zimekuja kukutazama wewe zisiige," Baba Ghanim akamjibu.

Alishindwa vibaya. Risasi zake zilitawanyika kwenye karatasi kama nzi, na Bwana Aflah alimwita kila aliyepita aje kuzitazama. Mama Hamdiya alinong'ona kwamba baba yake atanuna mwezi mzima. Nami niliona aibu yangu ikirudi yote, kwa sababu kila tundu lililokwenda upande lilikuwa langu.

Lakini alipokuja ukutani kwetu hakuwa ameshika karatasi. Alikuwa na kasha la tende, na ndani yake maganda yaliyopigwa. Alinitilia moja kiganjani. Lilikuwa bado na joto kama yai lililochemshwa. Bega lililokuwa limelala sasa lilikuwa limesimama, limenyooka na kali, hata ukucha wangu ulikwama ukingoni. Hakuna mkono ulioweza kulichonga hivyo, si wangu wala wake. Nililigeuza na kuligeuza. Nilimuuliza kama na tumbo limepanuka, akasema nyumbani tutapima.

Tulipofika nyumbani hakungoja hata chai. Aliweka trei moja ya mayai dirishani, akanipa ile kalamu ya wino mzito. Nikaanza kutia nukta, moja kila kitako, nikiyapanga taratibu. Yeye alikuwa akifuta bunduki na kumlaani Aflah chini kwa chini.

"Mangapi yamepigwa?" aliniuliza bila kugeuka.

Mdomo ulikwisha kufunguka. Kumi na tano, kama shindano lilivyotaka, lilikuwa jibu zuri na lilikuwa tayari. Lakini nilikumbuka kwamba kabla ya shindano nilisikia milio ya majaribio, na kwa kuwa nilikuwa nimeziba masikio sikuweza kuihesabu.

"Sijui, Baba," nikasema. "Ngoja nihesabu."

Aliacha kufuta, akangoja.